"Bus": mkia wa Kilatini ulioota magurudumu

Neno la Kiingereza "bus", lile lililotupatia sisi "basi", lina asili ya ajabu kuliko chombo chenyewe. Si jina la mvumbuzi, si jina la mji, na kwa asili yake halina uhusiano wowote na gari, farasi, barabara wala safari. Ni mkia wa neno lingine. Na mkia wenyewe ni wa kisarufi tupu, kiambishi tamati ambacho ukikitenga na shina lake hakikwambii chochote.

Tuanze na mwili, kisha tuje kwenye mkia. Kilatini kina neno "omnis", lenye maana ya -ote. Lugha hiyo haikutegemea sana maneno kama "kwa" au "kutoka" kuonyesha nani anafanyiwa nini. Ilibadilisha mwisho wa neno. Ukitaka kusema wote wanafanya jambo fulani, unasema "omnes". Ukitaka kusema jambo linafanywa kwa ajili ya wote, unasema "omnibus". Ile "-bus" ndiyo inayobeba "kwa ajili ya", na papo hapo inabeba wingi. Maneno mengine kadha wa kadha huipokea vilevile: "regibus" ni kwa wafalme, "urbibus" ni kwa miji.

Sasa chukua Kiswahili. Tuna "-ni" ya nyumbani, sokoni na shuleni. Tuseme watu wamechoka na urefu wa "nyumbani", wakakata na kubaki na "ni", kisha wakaanza kuitumia kama jina la kitu: "Nimejenga ni mpya, ni yangu ina vyumba vitatu." Mwalimu wa Kiswahili angezimia. Lakini hivyo hasa ndivyo Waingereza walivyofanya na Kilatini, na dunia nzima ikawafuata.

Ilikuwaje hadi Kilatini kikapanda kwenye gari la farasi? Inabidi twende Nantes, mji wa bandari magharibi mwa Ufaransa. Stanislas Baudry, aliyewahi kuwa ofisa katika jeshi la Napoleon, alikuwa na kinu cha unga kilichoendeshwa kwa mvuke huko Richebourg, pembezoni mwa mji. Mashine ya mvuke hutoa maji moto mengi, naye hakutaka yapotee bure, akafungua bafu za kulipia. Tatizo likawa umbali na katikati ya mji. Mwaka 1826 akaanzisha gari la farasi la kuwabeba wateja kwenda na kurudi. Baada ya muda akaona jambo ambalo konda yeyote angemweleza: watu wanapanda, wanashuka katikati ya safari, na hawana habari na kuoga. Gari lilikuwa linalipa kuliko bafu.

Kuhusu jina, kuna hadithi inayosimuliwa kila mahali. Inasemekana kituo cha magari hayo mjini kilikuwa mbele ya duka la kofia la bwana mmoja aitwaye Omnès, na juu ya mlango wake kulikuwa na kibao kilichoandikwa "Omnes Omnibus". Ni mchezo wa maneno mzuri, maana unasomeka namna mbili: "Omnès kwa ajili ya wote" au "wote kwa ajili ya wote". Mimi hadithi hii naipenda, ila siiamini sana. Ushahidi wa kuwepo kwa duka lenyewe ni hafifu, na hadithi za asili ya maneno zikiwa tamu kiasi hiki mara nyingi zimetungwa baadaye. Isitoshe, haihitajiki. Wafaransa waliosoma walikijua Kilatini, na gari la watu wote lingeweza kuitwa "voiture omnibus" bila msaada wa muuza kofia. Lisilo na shaka ni kwamba Baudry alilipeleka wazo lake Paris, na mwaka 1828 magari yenye jina la omnibus yakaanza kazi katika jiji hilo. Yeye mwenyewe hakuyafaidi. Biashara ilimwelemea, na mwaka 1830 akajiua.

Jina hilo lilikuwa na uzito wake. Karne moja na nusu kabla ya Baudry, Paris iliwahi kuwa na usafiri wa aina hiyo. Mwaka 1662 Blaise Pascal, yule mwanahisabati na mwanafalsafa, alishiriki kuanzisha magari ya farasi yaliyopita njia maalumu kwa nauli maalumu. Yaliitwa "carrosses à cinq sols", magari ya soli tano, kwa sababu soli tano ndiyo ilikuwa nauli. Lakini mahakama kuu ya Paris ilipoyaidhinisha ilipiga marufuku askari, watumishi wa majumbani na vibarua kuyapanda. Gari la umma lililowafungia mlango umma! Ndani ya miaka isiyozidi ishirini huduma hiyo ilikuwa imekufa. Basi gari lililoandikwa "kwa wote" ubavuni halikuwa linajitangaza tu. Lilikuwa linasema jambo ambalo lile la kwanza lilishindwa kulisema.

Hapa nachepuka kidogo. Jina la magari ya Pascal lilitokana na nauli, si abiria, na tabia hiyo imejirudia katika nchi ambazo hazikuigana. Dar es Salaam tunayo daladala, iliyopata jina kutokana na "dala", jina la mtaani la shilingi tano, wakati nauli ilipokuwa shilingi hizo tano. Nairobi wana matatu, kutoka kwa maneno ya Kikuyu ya kuhesabu senti thelathini, yaani sarafu tatu za senti kumi. Na huko Marekani, mwaka 1914, wenye magari madogo ya Los Angeles walianza kubeba abiria kwa senti tano, na magari yao yakaitwa "jitney", ambalo lilikuwa jina la mtaani la sarafu ya senti tano. Soli tano, shilingi tano, senti tano. Nauli zilishapanda zamani, majina yakabaki palepale.

Turudi kwenye omnibus. Aliyeipeleka London ni George Shillibeer, fundi Mwingereza wa kuunda magari ya farasi aliyekuwa amefanya kazi Paris. Tarehe 4 Julai 1829 gari lake la kwanza liliondoka kwenye baa iitwayo Yorkshire Stingo, eneo la Paddington, kuelekea Benki Kuu katikati ya jiji la kibiashara. Lilivutwa na farasi watatu waliofungwa bega kwa bega, likaketisha abiria 22, wote ndani, na nauli ya safari nzima ilikuwa shilingi moja. Ubavuni liliandikwa OMNIBUS kwa herufi kubwa. Njia yake iliuzunguka mji kwa kaskazini kwa sababu katikati ya London teksi za farasi zilikuwa na haki ya peke yao ya kuokota abiria, na haki hiyo iliondolewa na sheria ya mwaka 1832.

Shillibeer naye alifilisika. Washindani walimiminika barabarani na yeye akageukia magari ya mazishi, akabuni gari moja lililobeba jeneza na waombolezaji kwa pamoja. Kwa hiyo kamusi kubwa za Kiingereza zinalo neno "shillibeer", na maana yake si basi tu. Ni gari la maiti pia.

Mwaka huohuo wa 1832 tayari neno lililokatwa, "bus", linaonekana katika maandishi. Miaka mitatu tu tangu gari la kwanza, na watu wa London walishachoka na silabi tatu. Kwa muda mrefu wachapishaji waangalifu waliweka alama ndogo ya kukata mbele ya herufi b, kama kumwonyesha msomaji kwamba kuna kitu kimeng'olewa pale. Kiingereza hupenda kukata maneno, na kwa kawaida hubakiza kichwa: mtihani umekuwa "exam", picha imekuwa "photo". Mara chache hubakiza mkia. "Phone" ni mkia wa "telephone", "plane" wa "aeroplane", na "van" ni mkia wa "caravan", neno la Kiajemi la msafara wa ngamia. Lakini mikia hiyo angalau ina nyama. "Phone" ni sauti kwa Kigiriki. "Bus" ni mfupa mtupu. Maana yote ilikuwa kwenye "omni", na "omni" ndiyo iliyotupwa.

Kwa njia ya Waingereza neno likafika kwetu, na Kiswahili kikalivisha nguo zake. Ile sauti ya "u" katika "bus" masikioni mwetu ni "a", kama ilivyo katika klabu na pampu, na neno letu halipendi kuishia na "s" kavu, kwa hiyo tukaongeza "i", kama tulivyofanya kwa nesi na ofisi. Likatoka "basi", na wingi wake mabasi.

Bahati mbaya au nzuri, nyumba hiyo ilikuwa na mwenyewe. "Basi" ya kusema imetosha ilikuwepo pwani kabla injini haijasikika. Hiyo inatoka kwa "bas" ya Kiajemi, yenye maana ya kutosha, ambayo imesambaa katika Kihindi, Kiurdu na Kiarabu cha mazungumzo. Hazina udugu hata kidogo. Mzungumzaji wa Kiswahili hazichanganyi, na anaweza kukwambia "basi, basi likiondoka ndiyo basi tena" pasipo mtu kukunja uso. Waswahili wa Oman na Ghuba wanaishi na jozi hiyohiyo katika Kiarabu cha pale, ila Kiarabu kimezitenganisha: "bas" ya kutosha ina herufi sini, s nyepesi, na "baas" ya gari ina herufi sadi, s nzito.

Nilikotaka kufika hasa ni maana nyingine za "bus" katika Kiingereza, kwa sababu hizo ndizo zinazowatoa watu jasho. Mtu anafungua kamusi, anakuta basi, anakuta mfanyakazi wa mgahawa, anakuta chuma cha umeme, anakuta sehemu ya kompyuta, na anadhani ni maneno manne yaliyogongana kwa sura. Ni neno moja. Ukirudisha kichwa kilichokatwa, "kwa wote", yote yanajipanga.

Mgahawani kwanza. Mswahili aliyehamia Marekani akapata kazi hotelini anaweza kuambiwa "bus the tables" na akatafuta gari. Kinachotakiwa ni kuondoa vyombo mezani. Katika hoteli za Kifaransa "omnibus" alikuwa msaidizi asiye na meza yake, anayewatumikia wahudumu wote: kubeba vyombo, kufuta, kuleta mkate. Jina likavuka bahari, likakatwa kama kawaida, na kutoka jina likawa kitenzi.

Bungeni na mahakamani neno limebaki na kichwa chake. Muswada wa omnibus ni ule unaobeba mambo mengi yasiyohusiana ili yapite kwa kura moja. Mfano unaojulikana sana ni wa Seneta Henry Clay wa Marekani, ambaye mwaka 1850 alirundika pamoja mambo ya California, mpaka wa Texas, maeneo mapya na watumwa waliotoroka. Muswada ulianguka, kwa sababu kila seneta alikuta ndani yake abiria asiyempenda. Stephen Douglas akaugawa vipande vipande, na kimojakimoja vikapita.

Mahakama za Uingereza zina mtu wao maarufu, abiria wa omnibus ya Clapham. Clapham ni kitongoji cha kusini mwa London, na abiria huyu hana jina wala sura. Ni mtu wa kawaida mwenye akili timamu, ambaye majaji hujiuliza angefanya nini ili wapime kama mshtakiwa alikuwa mzembe. Msemo huo ulitajwa katika kesi ya mwaka 1903, jaji akisema ameuchukua kwa mwenzake aliyemtangulia, Lord Bowen. Hong Kong walimhamishia kwenye tramu ya Shaukiwan, na Australia kwenye tramu ya Bondi. Mwaka 2014 Lord Reed wa Mahakama ya Juu ya Uingereza alibainisha kwamba siku hizi omnibus hiyo ina abiria wengi, akiwemo mzazi mwenye busara na mwenye nyumba mwenye busara. Majaji nao hutania, kwa namna yao.

Umeme ndio uliolipeleka neno mbali zaidi. Katika karne ya 19, mafundi wa mitambo ya kuzalisha umeme walihitaji mahali pamoja ambapo jenereta zote zinamwaga umeme wao na laini zote zinauchota. Walitumia upau mnene wa shaba wakauita "omnibus bar", upau wa wote, na baadaye "busbar". Upo hata kwenu. Siku fundi akifungua boksi la sakiti breka, mwambie akuonyeshe kile kipande cha shaba kinachopita nyuma ya breka zote na kuzilisha kwa pamoja (usikifungue mwenyewe, na usikiguse). Hiyo ni "bus". Haibebi abiria, haiendi popote, ila ni ya wote walioungwa nayo.

Watengenezaji wa kompyuta, wengi wao wakiwa watu wa umeme, walilichukua moja kwa moja. Ndani ya kompyuta kuna prosesa, memori, diski na vifaa vingine, na kuunganisha kila kimoja na kila kingine kwa waya zake kungezaa msitu. Badala yake huwekwa njia moja ya pamoja. Kila kifaa kinajichomeka hapo, na taarifa hupita kwa zamu. Watu hupenda kueleza kwamba inaitwa "bus" kwa sababu inabeba data kama basi linavyobeba abiria. Ni maelezo ya kurahisisha, na njia yanayoionyesha ni ya kombo. Kompyuta ililirithi neno kwa upau wa shaba.

Mwaka 1970 kampuni ya DEC ilitoa kompyuta ya PDP-11 yenye njia iitwayo Unibus, ambapo "uni" ni moja, na mkia ni uleule. Mwaka 1996 ikaja USB, ambayo sasa iko kwenye flashi, kwenye chaja, kwenye spika ya redio ya dereva wa daladala. Herufi ya mwisho, B, ni "bus". Na ya kwanza, U, ni ya "universal", neno lenye maana ya "kwa jumla yote". Ukizifungua herufi hizo hadi kwenye mizizi yake, unapata kitu kinachojiita cha wote mara mbili, na sidhani kama kuna mhandisi aliyeliwaza hilo.

Kisha mambo yakazunguka. Mwaka 1986 kampuni ya Bosch ilitangaza mfumo wa mawasiliano ndani ya magari uitwao CAN, ambao unaruhusu injini, breki na vifaa vingine kuongea kupitia jozi moja ya waya. Nao ni "bus". Kwa hiyo basi la kisasa la mikoani lina "bus" ndani yake, na fundi anayechomeka mashine ya kupimia hitilafu anazungumza na ile ya ndani ili atengeneze ile ya nje.

Kuna maana nyingine ya Kiingereza iliyozaliwa katika mapambano dhidi ya ubaguzi wa rangi huko Marekani. Tarehe 1 Desemba 1955, huko Montgomery, Alabama, Rosa Parks alikuwa amekaa safu ya kwanza ya viti ambavyo watu weusi waliruhusiwa kuvikalia. Viti vya wazungu vilipojaa, dereva aliwaamuru abiria wanne weusi wa safu hiyo wainuke. Watatu walisimama. Yeye alikataa, akakamatwa. Watu weusi wa mji huo wakasusia mabasi kwa zaidi ya mwaka mmoja, hadi Desemba 1956, baada ya Mahakama ya Juu kuafiki kwamba ubaguzi ule ulikiuka katiba. Miaka iliyofuata "busing" likawa jina la mpango wa kuwasafirisha wanafunzi kutoka mtaa mmoja hadi mwingine ili shule zichanganye watoto wa rangi zote, na kwa Wamarekani wa umri fulani neno hilo bado linaamsha mabishano.

Wapo pia ndugu wa uongo. "Buss" yenye s mbili ni busu kwa Kiingereza cha zamani na haihusiki, hata kama inafanana na busu letu, ambalo lina ukoo wake. "Blunderbuss", bunduki ya mdomo mpana, ni Kiholanzi, "donderbus", bomba la radi. Silabasi ya shuleni nayo haimo. Hiyo ilizaliwa na kosa la uchapaji katika barua za Cicero, mwanasiasa na mwandishi wa Roma ya kale, pale neno la Kigiriki la lebo za vitabu, "sittybas", liliposomwa vibaya na wachapaji wa karne ya 15. Ndugu wa kweli ni "rebus", fumbo linaloandikwa kwa michoro, kwa sababu kwa Kilatini lina maana ya "kwa vitu", na "-bus" yake ni ileile ya omnibus.

Na wapo Waingereza waliosoma kidogo ambao, wakitaka kuonyesha kwamba wanakijua Kilatini, husema wingi wa omnibus ni "omnibi". Si kweli. Neno lilikuwa wingi tangu mwanzo, na halina wingi mwingine wa kupewa. "Buses" ni wingi uliopandishwa juu ya wingi, na mabasi yetu yamefuata mkondo huohuo.